Miguu Sitini na Minane

Masakhalia wa Kibuye aliitoa kwenye kopo la maziwa ya unga,
katikati ya betri zilizovuja na funguo zisizo na makufuli.
"Hii nayo," akasema, "ni sarafu ya kigeni au kifungo cha koti?"
Nikamlipa mia mbili kabla hajaamua.

Usiku, Migosi, radi ikinguruma mbali upande wa Nandi,
nilifungua kasha la kompyuta ya baba.
Skrubu nne. Ya tano ilipotelea mnadani,
siku ofisi ya upimaji ilipouza madawati yake
pamoja na mikebe ya rangi.
Ndani, vumbi la miaka thelathini
na ganda la yai la mjusi.

Na pale, ubavuni mwa kichakataji,
soketi: mraba wa matundu ambao haukuwahi kuguswa.
Mashine ililetwa bila chipu ya hesabu.
Bajeti, walisema. Mwaka ujao, walisema.
Basi Zablon Ogweno, mpima ardhi,
akabaki na kitabu chake cha logarithimu,
kurasa zimelainika kama noti za zamani,
sini na kosini akizisaka kwa ncha ya penseli,
na mashine ya serikali imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Nilishika kwanza chuma cha kasha, kuutuliza umeme wa mwilini.
Kisha nikaigeuza chipu chini ya taa:
miguu sitini na minane, rangi ya dhahabu, mitatu imepinda.
Niliinyoosha kwa wembe, pumzi nimeibana,
unavyomtoa mwiba mtoto aliyelala.
Kona iliyokatwa ikae kwenye kona iliyokatwa.
Nikakagua. Nikakagua tena.
Ukikosea hapa, harufu ndiyo itakayokuambia.
Halafu vidole gumba viwili, na uzito wangu wote.
Ubao ukapinda, ukalia krr,
nikaogopa,
sikuachia,
ikazama.

Stima ilikuwepo, tushukuru.
Skrini ikahesabu kumbukumbu zake kivivu,
kisha ukaja mstari ambao baba hakuwahi kuuona:
kichakataji cha hesabu, kipo.
Kipo! Kama mwanafunzi mtoro anayeitikia jina
baada ya shule kufungwa.

Nikachukua daftari lake la mwaka tisini na moja,
tambarare ya Kano, mistari mia moja na arobaini,
madoa ya udongo mweusi bado kwenye jalada.
Jana, bila chipu, hesabu ilichukua dakika nne na nusu.
Leo, sekunde ishirini na mbili.
Sikuwahi hata kufikisha kikombe mdomoni.

Na majibu yakakubaliana, baba na chipu,
desimali kwa desimali, ukurasa kwa ukurasa,
nikawa nacheka peke yangu,
mpaka kipande namba sabini na tatu.
Mita moja na sentimita themanini.
Nikasema ni uchovu, ni mbu, ni jua la Ahero.
Nikarudia. Chipu haichoki wala haimjui mtu:
mita moja, sentimita themanini.

Nikafungua ukurasa wenyewe.
Hesabu sahihi ilikuwepo, ile ile,
imekatwa mstari mmoja kwa rula, bila haraka.
Chini yake hesabu nyingine.
Pembeni, mwandiko mdogo wa penseli:
*D. Aloo, mjane. Kaburi la mume limeangukia nje.*

Kumbe alijua.
Mtu aliyenikanya nisizungushe hata senti ya duka
alijua, akachovya kalamu.

Jirani wa upande wa pili hakuandikwa pembeni.
Nimempekua daftari zima, jalada hadi jalada.
Namba sabini na nne. Basi.
Labda naye alikuwa na watoto, na jembe, na mchele wa kupanda
kwenye ule ukanda mwembamba.

Programu ikauliza: hifadhi masahihisho?
Kishale kikapepesa. Kikapepesa.
Mvua ikaingia Migosi, ikitokea Kano.